Ujasiri wa Uongozi katika Elimu ya Juu: Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Wazee wa Kilwa na Historia ya Vita vya Maji Maji, 1961–1973

Katika mji wa Kilwa Kivinje kuna mahali panapoitwa Mwembekinyonga. Jina lenyewe ni kumbukumbu, kwani hapo Wajerumani waliwanyonga watu waliowapinga, na Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa Kilwa mwaka 1895, ndiye anayetajwa zaidi miongoni mwao. Miaka kumi baadaye, wakati Kivinje ikiwa makao makuu ya wilaya chini ya utawala huo huo, vita vilizuka katika milima ya Umatumbi, safari ya siku chache kwa miguu kutoka bomani. Vita hivyo vilienea kusini yote na kudumu hadi mwaka 1907. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne, aliyetaka kujua kilichotokea Umatumbi alilazimika kusoma maneno ya waliouzima moto huo. Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wakati vita vilipoanza, alichapisha kitabu chake mwaka 1909. Walionusurika hawakuwa na kitabu. Walikuwa wakizeeka vijijini mwao, na hakuna chuo kilichokuwa kimewauliza neno.

Insha hii inahusu uamuzi wa kuwauliza. Katika mijadala ya elimu ya juu ujasiri wa viongozi hupimwa kwa majengo, idadi ya wanafunzi na matamko, lakini mfano wa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 unaonesha ujasiri wa namna nyingine, ambao haukuhitaji fedha nyingi bali kukubali kwamba ushahidi wa mkulima wa Kipatimu unaweza kusimama mbele ya jopo la watahini sawa na hati ya bomani.

Mwanzo wa chuo chenyewe ulikuwa wa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Kungoja hadi kila kitu kiwe tayari kungekuwa busara ya kihasibu. Viongozi wa TANU hawakungoja, na historia ya chuo haioneshi kwamba walikosea.

Idara ya Historia ilianza na Terence Ranger, aliyefika mwaka 1963 baada ya kufukuzwa Rhodesia kwa sababu ya siasa zake za kupinga ubaguzi. Mwaka huo huo, huko Uingereza, Hugh Trevor-Roper wa Oxford alidai hadharani kwamba Afrika kabla ya Wazungu haina historia ya kufundishwa. Kwa upande mwingine, Jan Vansina alikuwa amekwisha kuchapisha, mwaka 1961, kitabu chake kuhusu masimulizi ya mdomo kama chanzo cha historia, na mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika walikutana Dar es Salaam katika kongamano la kimataifa. Njia ilikuwa imefunguka kinadharia. Kilichobaki ni mtu wa kuipita, na wakati ulikuwa mfupi. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 pamba ilipong'olewa Nandete alikuwa na miaka 78 kufikia mwaka 1968. Kila mwaka uliopita bila utafiti ulikuwa mwaka wa mazishi.

Haifai kuficha kwamba uongozi wa miaka hiyo ulikuwa na sura mbili. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Julius Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 kati yao. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Wapo wanaolisoma tukio hilo kama kielelezo cha kiongozi jasiri. Wapo wanaoliona kuwa mwanzo wa chuo kujifunza woga. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini lililo muhimu zaidi kwa insha hii ni kwamba baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 chuo kilidaiwa kuthibitisha kwamba ni cha wananchi, na madai ya aina hiyo hujibiwa kwa urahisi kwa hotuba. Idara ya Historia ililijibu kwa kazi.

Kazi hiyo ilitanguliwa na utafiti wa Gilbert Gwassa katika maeneo ya Kilwa na Rufiji. Yeye na John Iliffe walitoa mkusanyo mdogo wa kumbukumbu za vita hivyo mwishoni mwa miaka ya 1960 kupitia Chama cha Historia cha Tanzania. Kisha ukaja mradi mpana zaidi: mwaka 1968 wanafunzi wa shahada ya kwanza walitumwa kusini, wengi wao katika sehemu walizotoka, wakiwa na maswali yaliyopangwa, kukusanya masimulizi ya wazee. Taarifa zao zilipigwa chapa na kuunganishwa kuwa majalada ya mradi, na mpaka leo kila mtafiti makini wa Maji Maji huanzia hapo. Kumkabidhi mwanafunzi asiye na shahada kazi ya kujenga hifadhi ya taifa ni hatua ambayo kamati nyingi za utafiti za leo zisingeipitisha.

Walichokipata kinaeleza kwa nini hatua hiyo ilistahili. Hati za Wajerumani ziliwaona wapiganaji kama watu waliodanganywa na waganga. Masimulizi ya Umatumbi yalieleza mpangilio. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana kuchukuliwa na pepo Hongo ndani ya ziwa la mto Rufiji na kutoka akiwa mkavu, alianza kutoa dawa ya maji mwaka 1904. Habari zake zilisafiri kwa ujumbe wa siri ulionong'onwa mtu kwa mtu, ulioitwa njwiywila, na mahujaji wakamiminika Ngarambe makundi kwa makundi huku watawala hawajui kinachoendelea. Alipowachelewesha watu wakisubiri amri yake, Wamatumbi walichoka. Mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa miche ya pamba Nandete, na hilo likawa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro, lakini vita havikusimama kwa kifo chake. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayoeleweka vizuri kwa hati za bomani pekee. Njwiywila ilibuniwa mahsusi ili boma lisiisikie.

Tofauti ya vyanzo inaonekana pia katika hesabu ya wafu. Makadirio ya Kijerumani yalikuwa watu 75,000. Gwassa, akizingatia njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchoma vyakula na mashamba, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Hapa suala la nani ana haki ya kutoa ushahidi linakuwa suala la watu zaidi ya laki moja na nusu, wahesabiwe au waachwe.

Ujasiri, hata hivyo, haukingi dhidi ya makosa. Taifa changa lilihitaji mababu wa umoja, na wanahistoria wa Dar es Salaam walikuwa wepesi kuwapata. Vita vilisomwa kama utangulizi wa TANU. Watafiti wa baadaye, kama Thaddeus Sunseri na waandishi wa mkusanyo uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, wameonesha kwamba chini ya jina moja kulikuwa na vita vingi vyenye sababu za mahali kwa mahali, na kwamba sauti za wanawake zilisikika kwa nadra. Lawama hiyo ni ya haki. Ila inafaa kukumbukwa kwamba wakosoaji hao wanatumia kwa sehemu kubwa majalada yale yale yaliyokusanywa mwaka 1968.

Pengo lililo zito zaidi, kwa mtazamo wa insha hii, ni la Kivinje yenyewe. Maakida waliosimamia kodi na pamba ya lazima milimani walikuwa aghalabu watu wa pwani, na katika vita miji ya pwani ilibaki upande wa boma kuliko upande wa maji. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957, unawatazama wapiganaji kwa jicho la mtu wa mjini, na jicho hilo si la kirafiki. Historia ya kitaifa haikujua pa kuiweka habari hiyo. Ni rahisi kwa chuo kukusanya masimulizi ya waliopigana na mkoloni. Ni vigumu zaidi kuwauliza wajukuu wa akida.

Gwassa alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa kimepata hadhi kamili tarehe 1 Julai 1970. Tasnifu hiyo, iliyojengwa juu ya maneno ya wazee wa Kimatumbi na Kiswahili, iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa karibu zote za idara hiyo tangu wakati huo. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970 hapo hapo Mlimani. Mwaka 1969, Ebrahim Hussein, kijana wa pwani ya kusini aliyesoma sanaa za maonyesho katika chuo hicho, alitoa tamthilia ya Kinjeketile. Mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake ni wa kubuni na si yule wa historia. Lakini yake ilikuwa kwa Kiswahili, ikasomwa mashuleni, na huyo wa kubuni ndiye aliyerudi Kilwa.