Skaneri ya moyo: ile namba inaonyesha nini?

Wagonjwa wengine wanaotoka Bunia, Goma ao Bukavu kwenda kutunzwa Kampala, Kigali ao Nairobi wanarudi na karatasi yenye namba moja: 0, 87, 430. Jamaa lote linaizunguka karatasi ile na kuuliza: hii ni vizuri ao vibaya?

Namba hiyo ni alama ya kalsiumu. Wengine wanaiita alama ya Agatston, juu ya Arthur Agatston, munganga wa moyo wa Marekani ambaye pamoja na wenzake alitangaza njia hiyo ya kuhesabu mwaka 1990.

Moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe pia unaomba kulishwa. Unalishwa na mishipa myembamba inayoitwa koronari, yenye upana wa milimita chache tu. Kwa miaka mingi mafuta yanaweza kujikusanya ndani ya ukuta wa mishipa hiyo, kiisha kalsiumu inaganda humo, kama vile ukoko mweupe unavyoshika ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Skaneri inaona ukoko huo, na mashini inauhesabu.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unalala, wanakubandika waya ku kifua ili picha zifuate mapigo ya moyo, unazuia pumzi kidogo, basi. Hakuna sindano. Mionzi ni kidogo, karibu milisiverti 1, lakini mwanamke mwenye mimba lazima aseme mbele.

0 maana yake hakuna kalsiumu iliyoonekana, na hatari ya miaka inayokuja ni ndogo. Kutoka 1 hadi 99 ni kidogo. 100 hadi 399 ni ya kati. 400 na zaidi ni nyingi. Lakini umri unabadilisha maana: 80 kwa mtu wa miaka 45 inatisha kuliko 80 kwa mzee wa miaka 75.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. 0 haisemi kwamba mishipa ni safi kabisa, sababu mafuta laini ambayo hayajashika kalsiumu hayaonekani. Mvuta sigara na mwenye ugonjwa wa sukari wasijidanganye na 0. Tena, 430 haisemi kwamba mshipa umeziba. Inasema ugonjwa uko, na munganga anaweza kukupa dawa za kushusha kolesteroli, zile zinazoitwa statini. Na usishangae: kwa mtu anayemeza statini namba inaweza hata kupanda, sababu mafuta laini yanakuwa magumu. Kwa hiyo kurudilia kipimo kila mwaka ni kutupa feranga.

Kipimo hiki ni cha mtu wa miaka 40 na zaidi asiye na dalili, wakati munganga anasita kumuanzishia dawa. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo hakihitaji: ugonjwa wake unajulikana tayari. Kuna skaneri nyingine, koroskaneri, inayoonyesha kama mshipa umebana. Hiyo inaomba sindano ya dawa yenye iodini, na mbele yake ni vema figo zipimwe kwa damu.

Mwenye maumivu yanayobana kifua, yanayopanda ku taya ao kushuka ku mkono, na jasho ya baridi, asitafute skaneri wala kungoja kuvuka mpaka. Aende lopitali ya karibu saa ile ile wamfanyie elektrokadiogramu. Kwa wanamama na wenye sukari, mara nyingine ni uchovu tu, kichefuchefu ao maumivu juu ya tumbo, na jamaa linamnunulia dawa ya gastriti.

Hapa kwetu mioyo mingi inaharibiwa na tansio ya muda mrefu, ao na homa ya viungo iliyoshika vali tangu utoto. Magonjwa hayo yanatafutwa kwa ekografi ya moyo. Alama ya kalsiumu haiyaonyeshi. Kuuza kiwanja juu ya skaneri wakati tansio na sukari hazijapimwa, kwa maoni yetu, ni kuanza kujenga ku paa.

Kama umekwisha kuifanya, usilete namba peke yake kwa munganga wako: leta ripoti nzima, CD ya picha kama walikupa, pamoja na dawa zote unazomeza, hata zile za kienyeji.