Si kila kiwavi bustanini ni adui wa mkulima

MKAZI wa Chekalini, katika eneo la Lugari, Kaunti ya Kakamega, hahitaji kusafiri mbali ili kuwaona vipepeo. Msitu wa Kakamega, ulio kusini mwa kaunti hiyo, ndio unaosifika kwa kuwa na zaidi ya aina 400 za wadudu hao. Hata hivyo, bustani ya nyumbani yenye mchungwa, viazi vitamu na maua machache hutosha kumwonyesha mwenye subira maisha yote ya kipepeo.

Elimu hiyo si ya kujifurahisha tu. Lugari ni eneo la mahindi, na tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mnamo 2017, ni rahisi mkulima kumwona kila kiwavi kuwa adui anayestahili kunyunyiziwa dawa. Ilhali viwavi wengi hawagusi mahindi kamwe.

Hatua nne

Kipepeo hupitia hatua nne: yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili. Mfano ulio rahisi kufuatilia ni ule wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Jike hutaga mayai, moja moja, juu ya majani machanga ya mchungwa, mlimau au mdimu.

Baada ya siku chache yai huanguliwa. Kiwavi mchanga huwa na rangi ya kahawia na nyeupe, mfano wa kinyesi cha ndege, hivyo ndege humpuuza. Hujivua ngozi mara kadhaa kadiri anavyokua, na mwishowe hugeuka kijani kama jani. Akiguswa, hutokeza nyuma ya kichwa kiungo chenye ncha mbili kinachotoa harufu kali ya kuwafukuza maadui.

Akishiba, hujifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba na kuwa pupa. Hali wala hasogei, lakini ndani ya ganda hilo mwili wake huundwa upya. Majuma mawili au matatu baadaye, ganda hupasuka na kipepeo hutoka akiwa na mbawa zilizokunjamana. Hapaswi kuguswa wakati huo, kwani sharti azijaze mbawa hizo majimaji ya mwilini na kuzikausha kabla ya kuruka.

Mtu anayetaka kuyaona hayo kwa karibu aweza kuweka kitawi chenye yai ndani ya chupa pana iliyofunikwa kwa kitambaa cha wavu. Kiwavi apewe kila siku majani mabichi ya mti ule ule, kwa kuwa akipewa ya mti mwingine atakufa njaa.

Mmea ndio kitambulisho

Uchaguzi huo wa chakula ndio unaomsaidia mkulima kutofautisha. Viwavi wachache juu ya mchungwa uliokomaa hawaleti hasara kubwa. Mche mchanga ndio unaoweza kupukutishwa majani, na hapo hutosha kuwaokota kwa mkono.

Kwa upande mwingine, wapo vipepeo waharibifu. Viwavi wa Acraea acerata hula majani ya viazi vitamu, na katika siku zao za kwanza huishi kwa makundi ndani ya utando. Mkulima anayekagua shamba mapema huweza kuyachuma majani hayo na kuyateketeza kabla viwavi hawajatawanyika.

Naye kiwavijeshi vamizi hukua na kuwa nondo arukaye usiku, wala si kipepeo. Hutambulikana kwa alama iliyo usoni inayofanana na herufi Y iliyopinduliwa, na kwa madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Huyu hapaswi kuachwa.

Dawa inayonyunyizwa ovyo haibagui. Huwaua pia nyuki wanaochavusha maua, na nyigu wadogo ambao hutaga mayai yao ndani ya viwavi na hivyo kupunguza idadi ya waharibifu.

Kwingineko nchini, vipepeo wamekuwa njia ya kujipatia riziki. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo ulioko Gede, Kaunti ya Kilifi, umewawezesha wakazi wa kandokando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga pupa zinazouzwa ng'ambo, ambako huanguliwa katika nyumba za maonyesho. Mapato hayo huwapa wakazi sababu ya kuulinda msitu.

Kwa mkulima wa Chekalini, faida ya kwanza iko karibu zaidi. Kabla ya kuchukua bomba la dawa, na autazame mmea ambao kiwavi yuko juu yake, kisha amkague kichwa na mkia. Uchunguzi huo wa dakika chache waweza kumwepusha na gharama ya dawa asiyoihitaji.