Sega Ndani ya Bomba la Moshi

Wenye madaftari na wafungue ukurasa mpya. Wasio nayo wasikilize tu, hakuna atakayepigwa.

Juma lililopita tulipata barua ya msikilizaji mmoja mwenye motokaa ya zamani, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Motokaa yake haipandi mlima. Penye tambarare huenda vizuri, lakini ikifika penye mwinuko hulegea kama punda aliyezidishiwa mzigo. Fundi ameitazama, akamwambia: "Masega yamekufa. Niyakate, niweke bomba tupu." Mwenzetu anauliza, je, akubali? Swali hili ni la ufundi, lakini sehemu kubwa ya jibu lake imo katika historia, tena historia ya miaka mia moja na zaidi. Basi na tuanze mwanzoni.

Mwezi wa Desemba mwaka 1921, Mmarekani mmoja jina lake Thomas Midgley, mtumishi wa kampuni ya General Motors, aligundua ya kuwa dawa ya risasi ikitiwa kidogo ndani ya petroli, injini huacha kugonga. Kugonga ni ule mlio unaosikika petroli inapowaka vibaya ndani ya silinda. Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Kwamba risasi ni sumu, si jambo lililokuwa geni. Oktoba 1924 wafanya kazi watano walikufa katika kiwanda kimoja huko New Jersey walipokuwa wakiitengeneza dawa hiyo, na wenzao wengi wakapelekwa hospitali, wengine wamerukwa na akili. Mauzo yalisimamishwa kwa muda, kisha yakaendelea. Faida ilikuwa kubwa mno.

Sasa twende Los Angeles, mwaka 1943. Mwezi wa Julai mji ule ulifunikwa na ukungu mchafu, watu wakatokwa machozi barabarani. Ilikuwa wakati wa vita, hata wengine wakadhani adui amewatupia gesi. Aliyekuja kufumbua fumbo hili ni Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, mwalimu wa chuo kikuu cha teknolojia cha California. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya mananasi! Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha ya kuwa moshi wa motokaa na wa viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua, hugeuka kuwa hewa kali inayochoma macho na mapafu. Wenye viwanda vya motokaa hawakupenda kusikia maneno hayo.

Aliyeyasikia ni Mfaransa, Eugene Houdry. Bwana huyu alipigana katika vita vya kwanza vya dunia, alipenda sana mashindano ya motokaa, na tayari alikuwa na sifa kwa njia yake ya kutengeneza petroli nyingi zaidi kutoka katika mafuta mazito. Njia ile ilitumia kichocheo, na hapa nawaomba mnifuate polepole. Kichocheo ni kitu kinachofanya vitu vingine viungane au viachane upesi, lakini chenyewe hakipungui. Mfano wake ni mshenga: huwaunganisha mume na mke, kisha hurudi kwake vile vile alivyokuja, tayari kwa arusi nyingine. Houdry alifikiri, mbona mshenga wa namna hii asiwekwe ndani ya bomba la moshi? Hati ya kulinda uvumbuzi wake aliipata mwaka 1956.

Lakini ilikuwako pingamizi moja, nayo ni ile risasi ya Midgley. Risasi iliyomo katika moshi hutanda juu ya kichocheo, ikakifunika kama kutu, na mshenga akapoteza kazi. Houdry alikufa mwaka 1962, kabla chombo hiki hakijakuwa cha kawaida katika motokaa za barabarani.

Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria ya hewa safi: moshi wa sumu wa motokaa mpya upunguzwe kwa asilimia 90 katika miaka michache. Hapo ndipo viwanda vilipolazimika. Wataalamu wa kampuni ya Corning walitengeneza kipande cha udongo wa kuchomwa, chenye matundu membamba maelfu kwa maelfu kama sega la nyuki. Kuta zake hupakwa platinamu na madini ya jamaa zake, yaani paladiamu na rodiamu. Motokaa nyingi za Marekani za toleo la 1975 zilitoka kiwandani zikiwa nacho, na vituo vikaamriwa viuze petroli isiyo na risasi. Mdomo wa tangi ulifanywa mwembamba ili bomba la petroli yenye risasi lisiingie. Hata hivyo wako waliotafuta mrija, maana petroli ya zamani ilikuwa rahisi. Binadamu!

Na sisi Afrika? Platinamu nyingi ya dunia huchimbwa Afrika Kusini. Basi madini ya bara letu yalisafisha moshi wa wenzetu, huku watoto wetu wakiendelea kuvuta risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara walikutana Dakar mwezi wa Juni 2001, wakaazimia kuiondoa. Mwanzoni mwa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imekoma katika nchi hizo. Algeria ilimaliza Julai 2021, ikawa ya mwisho ulimwenguni.

Angalieni basi lililotokea katikati. Katika miaka ya 1990 motokaa kutoka Japani zilikuja zikiwa na masega, zikanyweshwa petroli yenye risasi. Masega yakafa. Fundi alifanya nini? Aliyakata, na wakati ule sina la kumlaumu, kwani hata angetia jipya lingekufa vile vile. Nadhani desturi hii ilipata nguvu hapo. Sababu imekwisha kuondoka, desturi imebaki.

Sasa nimjibu mwenzetu. Leo sega huuawa hasa na ugonjwa wa injini. Plagi au koili ikishindwa kuwasha, petroli mbichi huingia katika bomba na kuwaka ndani ya sega. Joto hupanda hata udongo ule ukayeyuka na kuziba njia. Moshi ukikosa pa kutokea, injini hukosa pumzi, ndiyo maana mlima unamshinda. Injini inayokula oili nayo hulitia sega uchafu. Kwa hiyo kwanza plagi, koili na oili vitazamwe. Kisha ifunguliwe sensa ya oksijeni iliyo mbele ya sega, na katika tundu lake fundi apime mgandamizo wa moshi. Akisikia mlio wa kugongagonga, ahakikishe kwanza si lile bati la nje la kuzuia joto lililolegea. Na kabla ya kupimwa, motokaa isiegeshwe juu ya majani makavu, kwa kuwa sega lililoziba huweza kuwaka jekundu.

Likithibitika kwamba limeziba, atie jingine, lakini baada ya kuiponya injini. Akilitia kabla, atalinunua mara mbili. Najua bei yake ni ya kutisha, na yale ya bei nafuu mara nyingi yana platinamu kidogo, hayadumu. Bomba tupu litampandisha mlima, sikatai. Lakini taa ya injini yaelekea itawaka, na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, itatoka yote, wa kwanza kuivuta wakiwa wale wanaokaa na motokaa ikinguruma nyuma ya nyumba.

Tena kuna neno dogo. Sega lililokufa lingali na platinamu ndani yake, na wako wanunuzi wake. Fundi anapomtajia gharama ya kulikata, mwenzetu amwulize pia kipande kile kitakwenda wapi.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza habari za betri.