Pangaboi lililopinda

Leo hakuna stori za boom wala foleni ya kantini. Kumezuka ubishi bwenini juu ya picha ya ndege. Jamaa mmoja ana kakamera kadogo, hizi za kubadilisha lenzi ambazo hazina kioo ndani, kapiga kidege cha pangaboi kikitua. Mapanga yametoka yamepinda kama ndizi, moja limeachana kabisa na ndege! Watu wakamshukia: umeichezea kwenye kompyuta, muongo wewe. Mimi nasomea ualimu wa historia, na nasema jamaa kaonewa. Huo mpindo una umri wa zaidi ya miaka mia.

Tuanzie 17 Desemba 1903, Kitty Hawk, Marekani. Orville Wright alisimamisha kamera kubwa ya mabamba ya kioo juu ya miguu mitatu, akailenga pale alipotegemea ndege itanyanyukia, akamwachia John T. Daniels wa kituo cha waokoaji wa baharini abonyeze. Inaelezwa Daniels hakuwahi kutumia kamera kabla ya hapo. Safari ilichukua sekunde 12, kama mita 36 tu, na picha yake ndiyo ile iliyojaa vitabuni. Lakini ona mbinu yenyewe: kamera imekaa, inaisubiri ndege ije.

Ufaransa kulikuwa na mtoto wa tajiri, Jacques Henri Lartigue. Mwaka 1904, hajafikisha hata miaka 10, alimpiga Gabriel Voisin akiwa hewani na glaida kule Merlimont. Kamera za kushika mkononi zikamzoesha kufuata vitu vinavyokimbia, na hapo ndipo utamu ulipo. Picha yake maarufu ni ya gari la mashindano, ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Gurudumu limekuwa yai lililoinamia mbele, na watazamaji wanaegemea upande wa pili kama wanasukumwa na upepo. Hakuna aliyeichezea! Shata yake ilikuwa pazia lenye mwanya mwembamba unaopita mbele ya bamba, kwa hiyo sehemu moja inapata mwanga kabla ya nyingine, na gari halisubiri. Watazamaji wao "waliinama" kwa sababu mpiga picha alikuwa anaizungusha kamera kulifuata gari.

Sasa ruka mpaka 2008, Panasonic walipotoa Lumix G1, ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds. Kioo kimetolewa, kamera ikapungua unene. Raha tupu kwa mtu wa ndege, unasimama nayo muda mrefu bila mkono kuchoka. Ila ukiweka ile shata ya kielektroniki, ya kimyakimya, chipu inayopokea mwanga inasomwa mstari baada ya mstari. Ni ule ule mwanya wa Lartigue, umebadili nguo tu. Pangaboi linazunguka haraka, kila mstari unalikuta limeshahama. Ndiyo ile ndizi ya rafiki yangu.

Dawa ipo: rudisha shata ya kawaida, weka kasi ya 1/125 hadi 1/250, uifuate ndege kwa kiuno. Pangaboi linatoka kama sahani ya ukungu. Ukipandisha mpaka 1/2000 linaganda, ndege inaonekana imezima injini angani, na huo kwangu ni uongo mbaya kuliko ndizi, maana hakuna anayeushtukia. Novemba 2023 Sony walitangaza a9 III, ambayo chipu yake inasomwa yote kwa mpigo. Bei yake usiulize, boom la miaka yote halifiki.

Nikienda mazoezi ya kufundisha, nitawawekea wanafunzi gari la Lartigue na kidege cha jamaa mezani, kabla sijasema neno, niwaulize ipi imeghushiwa.