Kamera za Mtumba na Kumbukumbu za Mpakani Busia na Tororo

Anayeandika historia ya mpaka wa Busia ana nyaraka nyingi za serikali na picha chache za watu. Nyaraka zinafahamika. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande ambao leo ni Kenya, mwaka 1926 amri kutoka Uingereza ikaueleza mpaka kwa mito na vilima, na Wasamia na Wateso wakajikuta na ndugu katika nchi mbili. Picha za ndugu hao zipo pia, ila si katika hifadhi ya taifa ya Kenya wala ya Uganda. Ziko kwa wapigapicha wa zamani wa Busia, Malaba na Tororo, ndani ya makopo ya biskuti na bahasha za karatasi: negativu za harusi, za ubatizo, za vijana waliopigwa wameegemea baiskeli. Mwenye studio akifariki, watoto wake hufagia chumba na kukipangisha kwa wakala wa pesa za simu.

Insha hii inadai kwamba chombo kinachofaa zaidi kuziokoa, kwa fedha ambazo chama cha wanafunzi kinaweza kuchanga, ni kamera ambayo wenye nacho wameichoka: DSLR ya fremu kamili yenye megapikseli nyingi, iliyokwisha kutumika. Kuona kwa nini inafaa, na kwa nini imekuwa rahisi, kunahitaji historia kidogo.

Tuanze na kipimo. Neno "fremu kamili" linatokana na filamu. Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz, Ujerumani, alichukua filamu ya sinema ya milimita 35 na kuipitisha kwa mlalo katika kamera ndogo, na Leica ilipoanza kuuzwa mwaka 1925 kila picha ilikuwa na milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho kilitawala karne nzima, na filamu ya namna hiyo ndiyo iliyofika katika studio zetu, ikifuatana na ile pana zaidi ya kamera za kutazamia kutoka juu. Kamera za kidijitali zilipoanza, kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, kilikuwa ghali sana kutengenezwa kwa ukubwa huo, kwa hiyo nyingi zilipewa kidogo zaidi. Canon EOS-1Ds ya mwaka 2002 ilikuwa na kihisi kamili na megapikseli 11, na bei yake ilikaribia dola 8,000. Hiyo ilikuwa kamera ya mashirika makubwa ya habari. Mpigapicha wa harusi wa Tororo aliisikia tu, kama alivyosikia habari za ndege.

Kamera ya mkono wa pili si jambo geni kwetu. Kodak ilitoa Brownie mwaka 1900 kwa dola 1 ili kamera imfikie kila mtu, lakini katika Afrika Mashariki "kila mtu" alifikiwa baada ya mtu mwingine kuichoka. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Brownie iliyotumika. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaitikisa dunia. Watu humtaja kwa ujasiri wake. Mimi naona ile Brownie ya mtumba nayo inastahili kutajwa.

Upande wa Uganda, mambo yalikatika ghafla. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na biashara nyingi za mijini, studio za picha zikiwemo, zikabadilisha mikono. Kila kilichohitaji fedha za kigeni kikawa adimu, na magendo ikawa kazi ya watu wa mpakani: kahawa ikitoka, bidhaa za dukani zikiingia. Wakati huohuo wapigapicha wa Wizara ya Habari waliendelea kupewa filamu ili wamfuate rais. Ndiyo maana leo Shirika la Utangazaji la Uganda lina negativu takriban 70,000 za zama zile, ambazo baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Kazi hiyo ya kuzihifadhi inastahili sifa. Lakini jicho lililopiga picha hizo ni la dola: mikutano, gwaride, wageni, magendo iliyokamatwa. Raia wa Busia katika picha hizo, akionekana, huonekana kama umati au kama mshitakiwa. Uso wake alioupanga mwenyewe, na shati alilolichagua, viko kwenye kopo la biskuti.

Studio hizo ziliishi muda mrefu kwa picha ndogo za vitambulisho na pasi. Tegemeo hilo lilipungua serikali ilipoanza kupiga picha yenyewe. Uganda ilifanya hivyo katika uandikishaji mkuu wa mwaka 2014, mtu akikaa mbele ya kamera ya ofisa. Simu za mkononi zikamaliza sehemu iliyobaki.

Katika miaka hiyohiyo bei za kamera kubwa zilikuwa zikianguka kule zilikotengenezwa. Canon 5D ya 2005 ilishusha fremu kamili hadi dola 3,300 hivi. Nikon D800 ya 2012 ikaja na megapikseli 36.3 kwa dola 3,000, Canon 5DS ya 2015 ikafika 50.6, na Nikon D850 ya 2017 ikawa na 45.7. Mwaka uliofuata Nikon na Canon zote zilitoa kamera za fremu kamili zisizo na kioo ndani, njia ambayo Sony ilikuwa imeishika tangu 2013. Wapigapicha wa Ulaya, Japani na Marekani wakaanza kuuza walizokuwa nazo. Hazikuwa zimeharibika wala picha zake hazikufifia. Wenyewe walihama tu. Leo D800 iliyotumika hupatikana katika masoko hayo kwa chini ya robo ya bei yake ya kwanza.

Hapo ndipo kipimo cha 1925 kinapotufaa. Kihisi cha D800 kina ukubwa uleule wa negativu ya milimita 35. Ukiwa na lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa ukubwa wake halisi, negativu nzima inajaa kwenye kihisi bila kupunguzwa wala kukatwa. Picha inayotoka ina nukta 7,360 kwa upana, yaani zaidi ya 200 kwa kila milimita ya filamu, kiasi cha kusoma bango la duka lililo nyuma ya bwana harusi. Tena kamera hiyo inapokea lenzi za Nikon za kuzungusha kwa mkono zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1977, ambazo huenda mzee mwenye studio bado anazo kabatini. Za kabla ya hapo zisilazimishwe. Zile ambazo hazikubadilishwa zinaweza kuumiza mdomo wa kamera.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie simu. Kwa karatasi ya picha iliyokwisha kusafishwa, simu nzuri inatosha. Kwa negativu, hasa iliyopigwa gizani na kuoshwa harakaharaka, haitoshi. Skana maalumu ya filamu ni nzuri lakini ni ya polepole, na ikiharibika fundi wake hayupo Busia. Kamera yenye kihisi kidogo ingeweza pia, nakiri, na kama fedha ni chache sana inunuliwe hiyo. Ila D800 ikimaliza negativu inaweza kwenda Jumamosi kupiga harusi na kulipia gharama yake, jambo ambalo skana haliwezi.

Kununua ndiko kwenye hatari, na hapa wanafunzi wa historia tuna ujuzi ambao hatuutumii. Kamera iliyotumika ni kama hati: ina mambo yanayosemwa juu yake, na ina mambo inayoyasema yenyewe. Muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, au wa Kampala atasema ilikuwa ya mzungu mmoja aliyeitumia likizo tu. Huo ni ushahidi wa mdomo, usikilizwe kwa heshima, kisha upimwe. Ushahidi wa ndani ni hesabu ya shata. Kamera za Nikon huandika katika faili ya kila picha ni mara ngapi zimefyatuliwa, na programu za bure huisoma namba hiyo. Shata ya D800 ilijaribiwa kiwandani kwa mara 200,000. Canon 5DS haiandiki hivyo katika picha, inahitaji kuunganishwa na kompyuta kwa waya, na ya kwake ilijaribiwa kwa 150,000. Namba ikiwa ndogo huku mpira wa mshikio umelainika na rangi imekwanguka pembeni, basi kimojawapo kinadanganya. Piga karatasi nyeupe ukiwa umefunga tundu la lenzi hadi dogo, utaona vumbi na mafuta kwenye kihisi. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma utafute kuvu, maana hewa yenye unyevu ya ziwani huwalea vizuri.

Kisha linganisha namba iliyochapwa chini ya kamera na ile iliyomo kwenye faili, na iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji. Risiti hiyo itahitajika. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa na Marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, kimefupisha foleni, lakini hakijafuta kodi. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Kamera ya Japani haimo, hata kama ina miaka kumi. Anayenunua Nairobi ili aitumie Tororo ajumlishe ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 upande wa Uganda, kabla ya kusema amepata bei nzuri. Kuipitisha ndani ya gunia la mahindi ni desturi ya zamani hapa, lakini mradi wa kuhifadhi historia ukianza na kamera isiyo na karatasi, siku ikiibwa hakuna polisi wa kumwendea.

Gharama ya muda ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Studio yenye negativu 4,000 itakula sehemu ndogo tu ya maisha ya shata, hata kila moja ikipigwa mara mbili. Kinachochelewesha ni kupangusa, kuandika majina, na kumketisha mzee atuambie ni nani aliyesimama kushoto. Utaratibu uanze na pua. Filamu ya asetati inayooza hutoa harufu ya siki, na ikishaanza kujikunja hairudi. Makopo yenye harufu hiyo yafunguliwe wiki ya kwanza, kabla ya mvua za Machi, na yawekwe mbali na mengine.