Vitufe sita: kutoka 1892 hadi laptopu yako



Wengi wenu mnaocheza na bodi za Arduino au ESP32 mlikutana na kisa hiki mwaka 2022. Mtu anaweka Ubuntu 22.04, anachomeka bodi, /dev/ttyUSB0 inatokea halafu inapotea. Ukiuliza mtandaoni, jibu lilikuwa moja: ondoa brltty. Watu wakaondoa bila kuuliza kitu hicho ni cha nani.

Ni cha wasioona. BRLTTY, iliyoanza 1995, huunganisha Linux na vifaa vya nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole. Vingi vya vifaa hivyo pia huandika, kwa vitufe sita na kimoja cha nafasi.

Mpangilio huo ni mkongwe kuliko kompyuta. Frank Hall aliutumia kwenye mashine yake huko Illinois, Marekani, mwaka 1892. Mwaka 1951 ikaja Perkins, ile mashine nzito ya chuma ambayo shule zetu za wasioona, kama ile ya Thika iliyoanzishwa 1946, zimeitegemea miaka nenda miaka rudi.

Kwetu waprogramu mambo ni matamu: kila kitufe ni biti moja. Herufi m ni nukta 1, 3 na 4 kwa pamoja, yaani 1+4+8=13, na tangu 1999 Unicode inaiandika U+280D. Ila kibodi ya kawaida hutuma kitufe kimoja kimoja. Hapa herufi haijulikani mpaka vidole vyote viinuke.

Basi kila kampuni ikabuni lugha yake ya kuongea na kompyuta, kwanza kwa waya wa serial, baadaye kwa USB yenye chipu ya kuigiza serial. Chipu ya CH340 iliyo kwenye bodi yako ya bei nafuu imo pia ndani ya kifaa kimoja cha nukta nundu, kwa namba ileile: 1a86:7523. BRLTTY ilipoiona bodi yako, ilidhani msomaji amefika.

Hapa Isiolo mwalimu mmoja mstaafu aliniletea Orbit Reader 20 yake na laptopu mpya ya Windows. Tulifungua NVDA, kisoma skrini cha bure, tukabonyeza NVDA+Control+A na kuchagua dereva ya Baum, kampuni ya Ujerumani, kwa sababu Orbit inajua lugha ya Baum. Mwalimu akaanza kuandika papo hapo. Vidole vyake havikuhitaji somo lolote. Kompyuta ndiyo iliyohitaji.

Dawa ya kudumu ilitangazwa 2018: kiwango cha HID cha nukta nundu, kazi ya USB-IF pamoja na Microsoft, Apple na Google. Kifaa kinajieleza chenyewe, kama maus. NVDA ilikipokea 2021. Vifaa vya zamani bado viko mikononi mwa watu, na hivyo bado vinahitaji BRLTTY.

Kwa hiyo bodi yako ikigoma, usiondoe programu nzima, hasa kwenye kompyuta ya shule au ya saiba. Zima tu ule mstari wa udev wenye 1a86:7523. Bodi itafanya kazi, na atakayekaa hapo baada yako ataweza kusoma.