Kura Mbili za Montana: Uchaguzi wa Mwaka 1916

Katika uchaguzi wa Novemba 1916, jimbo la Montana, lililoko kaskazini-magharibi mwa Marekani na lenye eneo la takriban kilomita za mraba 380,000, lilichagua wajumbe wawili tu wa Baraza la Wawakilishi, yaani lile baraza la Bunge ambalo viti vyake hugawanywa kwa idadi ya watu. Kwani sensa ya mwaka 1910 ilikuta humo watu wasiotimia 380,000, sawa na mtu mmoja hivi kwa kila kilomita ya mraba.

Jimbo lilikuwa bado halijagawanywa katika maeneo ya uchaguzi: kila mpiga kura alikuwa na kura mbili, na wagombea wawili walioongoza katika jimbo zima ndio walioshinda. Utaratibu huo ulimfaa sana Jeannette Rankin wa chama cha Republican, kwa sababu mfuasi wa Democratic aliweza kumpa mgombea wa chama chake kura moja na Rankin ya pili. Isitoshe, wanawake wa Montana walikuwa wamepata haki ya kupiga kura mwaka 1914, na katika kuipigania haki hiyo Rankin alikuwa amekwisha kujulikana migodini na kwa walowezi, wakulima waliopewa ardhi na serikali kwa sharti la kuishi humo na kuilima. John Evans wa Democratic aliongoza. Rankin alishika nafasi ya pili, akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika Bunge la Marekani.

Aprili 1917 alikuwa mmoja wa wajumbe 50 waliopinga vita dhidi ya Ujerumani, na wengi hudhani kwamba kura hiyo pekee ndiyo iliyomwondoa bungeni. Dhana hiyo inasahau mipaka. Mwaka huohuo jimbo liligawanywa katika maeneo mawili ya uchaguzi, naye akabaki upande wa magharibi, kwenye migodi ya shaba ya Butte na nguvu ya Democratic, ilhali wakulima wengi walikuwa mashariki. Hivyo mwaka 1918 aliwania Seneti, ambayo kiti chake hupigiwa kura na jimbo zima, akashindwa katika mchujo wa chama chake, kisha akashindwa tena Novemba kwa tiketi ya chama kidogo. Magharibi hiyohiyo ndiyo iliyomrudisha bungeni mwaka 1940.